Nakala ya mahojiano ikikosewa: jinsi ya kuishughulikia kwenye rufaa ya viza ya mwenza

Ukinyimwa viza ya kumfuata mumeo au mkeo Uingereza, barua ya kukataliwa isome ujue sababu, halafu iweke pembeni utafute nakala ya mahojiano yako ya viza, yaani maandishi ya maswali uliyoulizwa na majibu yako. Wengi tunaanza kuijibu ile barua sentensi kwa sentensi. Tunaeleza mapenzi yetu, tunaambatanisha picha za harusi mpaka faili linajaa. Lakini barua yenyewe imejengwa juu ya maneno yaliyopita kwa mkalimani siku ile ya mahojiano, yakachapwa kwa Kiingereza na mtu ambaye wala hukumwona akichapa. Kama maneno hayo yana makosa na wewe hujayaona, utakuwa unajibu tuhuma ambazo hujui zimetoka wapi.

Ninaandika kutoka Uyole, hapa Mbeya, ambako nafundisha Kiswahili shule ya sekondari. Mume wangu ni mtu wa Tukuyu kama mimi, na anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Leicester. Tulinyimwa kwa sababu majibu yangu yalionekana kutolingana na yake. Tulikata rufaa tukashinda, na kilichotubeba kuliko vyote ni jedwali la kurasa tatu lililoonyesha mahali ambapo nakala haikubeba nilichosema. Tangu hapo napigiwa simu na watu wa Makambako, Mafinga, Kyela, wote wana barua zinazofanana na yangu, na wengi wananipigia muda ukiwa umebaki kidogo mno. Ndiyo maana naandika. Mwanasheria wa uhamiaji wa kule bado utamhitaji, ila kazi ninayoieleza hapa hawezi kukufanyia, kwa sababu yeye hakuwepo kwenye mahojiano na hajui ulisema nini.

Kwanza, muda

Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu apokee uamuzi. Aliye ndani ya nchi hiyo ana 14. Angalia mwisho wa barua yako kama imeandikwa kwamba una haki ya kukata rufaa. Viza ya mwenza kwa kawaida huwa nayo, kwa kuwa kumnyima mtu viza hiyo kunagusa haki ya maisha ya familia. Viza ya matembezi haina. Rufaa inafunguliwa mtandaoni kwenye First-tier Tribunal, yaani baraza la rufaa la ngazi ya kwanza, kitengo chake cha uhamiaji, na mtakaposhauriana na mwanasheria chagueni shauri lisikilizwe mbele ya jaji badala ya kuamuliwa kwa makaratasi tu. Wakati wetu ada ya kusikilizwa ilikuwa paundi 140 na ya makaratasi 80. Ile tofauti ilipeni. Mtu aliyeambiwa kwamba maneno yake yanapingana anahitaji mwenzake asimame aulizwe, aonekane anavyojibu.

Aliyeomba kwenda Canada asiufuate utaratibu huu. Kule anayekata rufaa ni mfadhili, yaani mwenza aliye huko, na muda wake ni siku 30.

Usisubiri nakala ndipo ufungue rufaa. Nimeona mtu amekaa na barua wiki nne akisubiri makaratasi, mlango ukafungwa. Fungua kwa sababu ulizonazo, na miongoni mwake andika wazi kwamba unapinga usahihi wa kumbukumbu za mahojiano na utatoa maelezo kamili ukishazipata. Sentensi hiyo inakuwekea nafasi. Bila hiyo, upande wa pili utakuja kusema wazo la makosa ya tafsiri limekujia baadaye, baada ya kuona umebanwa.

Kuipata nakala

Kuna njia mbili na nakushauri utumie zote. Ya kwanza ni kuomba taarifa zako mwenyewe kwa sheria ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa binafsi. Haina ada, na kwa kawaida wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Mwenza wako au mwanasheria anaweza kukuombea kama umempa idhini kwa maandishi. Omba kumbukumbu nzima ya mahojiano, swali la kwanza hadi la mwisho, pamoja na maandishi ya afisa aliyeamua, na kama kuna sauti iliyorekodiwa, omba hiyo sauti. Usiombe "sehemu zinazohusika". Sehemu zinazohusika utazijua wewe ukishaona zote.

Ya pili inakuja yenyewe. Rufaa ikishafunguliwa, upande wa serikali unatakiwa kuwasilisha nyaraka za uamuzi wake, na kumbukumbu za mahojiano zinatakiwa kuwemo. Zisipokuwemo, mwanasheria aandike kuzidai, na barua hiyo ya madai ibaki kwenye faili. Jaji akiona wanategemea maneno waliyoshindwa kuyaonyesha, uzito wa maneno hayo unapungua.

Na kama bado hujahojiwa na unasoma haya kwa kujiandaa, nunua kaunta buku leo. Jioni ya siku ya mahojiano, kabla hujalala, andika kila swali unalolikumbuka na ulivyojibu, kwa Kiswahili, maneno yale yale. Tia tarehe, kisha upige picha kila ukurasa umtumie mwenzako, ili ijulikane yaliandikwa lini. Hakuna ushahidi wa bei rahisi kama huo wenye nguvu kiasi hicho.

Kuisoma

Mimi nilichapisha nakala mbili kwa herufi kubwa kwenye steshenari ya Mwanjelwa, moja nikakaa nayo mwenyewe. Mume wangu alichapisha yake kule. Tulikubaliana kila mtu asome peke yake na aandike maoni yake bila kupigiana simu kwanza, maana mkisoma pamoja mnaanza kukumbushana, na kumbukumbu ya mmoja inameza ya mwingine. Soma swali kabla ya jibu. Mara nyingi kosa liko kwenye swali: kilichoandikwa sicho ulichoulizwa kwa Kiswahili, kwa hiyo jibu lako sahihi linaonekana la ajabu.

Sasa nitakuonyesha makosa niliyoyakuta kwangu na kwa wenzangu, kwa sababu mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu chenyewe na utayakuta na kwako.

Saa ndiyo inayoongoza. Niliulizwa mume wangu hunipigia wakati gani. Nikajibu, "Saa tatu usiku, akitoka kazini." Nakala ikaandika tatu ya usiku kwa hesabu ya Kiingereza, yaani kwetu saa tisa, wakati majogoo yanajiandaa. Yeye alikuwa amesema hunipigia saa moja jioni kwa saa za kule. Barua ya kukataliwa ikahitimisha kwamba wanandoa hawa hawajui hata huzungumza lini. Fanya hesabu: majira yao ya joto, sisi tuko mbele yao kwa saa mbili, kwa hiyo saa moja jioni ya Leicester ni saa tatu usiku ya Mbeya kamili. Majira ya baridi tofauti inakuwa saa tatu, na kwenye simu yangu inaonekana jinsi simu zake zinavyosogea mwishoni mwa Oktoba kuwa saa nne. Tulitoa orodha ya simu za WhatsApp za miezi ya pande zote mbili za badiliko hilo, na nadhani ule ukurasa mmoja ulisema mengi kuliko barua zetu zote za mapenzi.

Lakini usiishie kwenye kosa moja. Niliposoma nakala yote nikakuta ibada ya ndoa yetu, niliyosema ilianza saa nne asubuhi, imeandikwa nne ya alfajiri. Hakuna kanisa la Moravian Rungwe linalofungisha ndoa saa kumi za alfajiri. Muda wa kufika kazini, niliosema ni saa moja asubuhi, nao ulikuwa umeandikwa moja badala ya saba ya Kiingereza. Kila palipokuwa na saa, tofauti ni sita, si tano wala nane. Kosa moja mtu anaweza kulikataa akasema unajitetea. Makosa matatu yenye tofauti ile ile yanaonyesha chanzo kimoja, na chanzo hicho si uongo wa mwombaji. Tafuta mtindo wa namna hiyo kwenye nakala yako, kwa sababu jaji anaweza kuuona kwa macho yake bila kulazimika kukuamini wewe.

La pili ni yule "a" wa kitenzi, asiyetaja mwanamume wala mwanamke. Niliulizwa kuhusu ndoa ya kwanza ya mume wangu. Nikasema, "Aliachana na mke wake wa kwanza, baadaye akahamia Leicester." Kiingereza kinamlazimisha mkalimani achague, naye akachagua mwanamke. Kwa hiyo kwa mujibu wa nakala, mtalaka wa mume wangu ndiye aliyehamia Leicester, na mimi nikaonekana sijui mume wangu alianza lini kuishi mji anaoishi. Ukikuta jibu lako lina watu wawili ndani yake, lichunguze mara mbili.

Halafu majina ya uhusiano wa kindugu. Sisi huku tunasema ndugu tukimaanisha yeyote wa ukoo. Kwa mkalimani aliyekulia Kenya, ndugu ni kaka wa kuzaliwa naye. Dada mmoja wa Kyela alisema ndugu zake wawili walikuwepo kwenye posa, ikaandikwa kaka zake wawili, wakati mumewe alikwishasema mkewe hana kaka. Baba mdogo akiandikwa baba, au mama mkubwa akiandikwa mama, unaonekana una wazazi wanne. Dawa yake ni mchoro wa ukoo wa nusu ukurasa, majina na uhusiano, uliosainiwa na mzee mmoja wa kila upande.

Yapo na ya kupita haraka: majina ya mahali yaliyoandikwa kwa kusikia, majina ya watu yanayoanza na Mwa- yaliyokatwa herufi, majibu marefu yaliyofupishwa kuwa neno moja, na mahali palipoachwa wazi kabisa. Haya yakusanye katika mstari mmoja au miwili. Usimchoshe jaji na herufi. Yaliyo muhimu ni yale ambayo barua ya kukataliwa imeyategemea.

Tofauti ambazo si makosa ya nakala

Hapa nasisitiza kwa moyo wote. Kuna majibu yaliyoandikwa sawasawa na bado hayalingani na ya mwenzako. Hayo usiyatupie tafsiri. Mimi nilisema tulifunga ndoa Rungwe, mume wangu akasema Tukuyu. Nakala ilikuwa sahihi kwa wote wawili. Rungwe ni wilaya na Tukuyu ni mji wake, na cheti cha ndoa kinaonyesha wilaya. Hilo tulilieleza kwenye sehemu yake, tukaweka cheti na ramani, bila kumgusa mkalimani. Na kama kuna jambo hukulijua, kwa mfano mshahara wa mwenzako, sema hukulijua na kwa nini. Ukibandika "kosa la tafsiri" juu ya jibu moja lisilostahili, yale makosa ya kweli yote yatatiliwa shaka, na utakuwa umeuharibu ushahidi wako mzuri kwa mkono wako.

Jedwali lenyewe

Lina safu tano: namba ya swali na ukurasa, kilichoandikwa neno kwa neno, ulichosema kwa Kiswahili, tafsiri yake sahihi, na ushahidi unaothibitisha, pamoja na ukurasa wake kwenye faili. Safu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Mstari usio na ushahidi wowote uweke, ila upeleke chini, na juu yaanze yale yenye cheti, orodha ya simu, tiketi ya basi au risiti ya kutuma pesa.

Lugha yake iwe ya upole. Andika "nakala haionyeshi nilichosema", usiandike "mkalimani alidanganya". Hujui kama alidanganya, na ukimshambulia mtu shauri litageuka kuwa lake.

Jedwali linaambatana na maelezo yako ya shahidi. Kama Kiingereza chako si cha kutosha kuyaandika na kuyaelewa bila msaada, andika kwa Kiswahili, saini hayo ya Kiswahili, kisha yatafsiriwe. Baraza halitapokea maelezo ya Kiswahili bila tafsiri ya Kiingereza. Mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano. Asiwe mumeo, asiwe shemeji yako. BAKITA wanafanya kazi ya tafsiri, na ni chombo cha taifa cha lugha yenyewe. Mwombe mtafsiri huyo huyo aandike nusu ukurasa kueleza mambo mawili kwa ujumla: jinsi Waswahili wanavyohesabu saa, na kwamba viambishi vyetu vya nafsi havitaji jinsia. Mimi nafundisha somo hili kila siku, lakini kwenye shauri langu sikuweza kuwa mtaalamu wa kujithibitishia mwenyewe. Mihuri mingi haihitajiki. Watu wa kwetu hukimbilia kiapo kwa wakili na mihuri kila ukurasa. Kwa baraza lile, maelezo yaliyosainiwa yenye tamko kwamba ni ya kweli yanatosha.

Lile "ndiyo" la mwishoni

Mahojiano yakiisha huulizwa kama umemwelewa mkalimani na kama una la kuongeza. Nilikuwa nimetoka Mbeya mpaka Dar es Salaam kwa basi, mbele yangu kuna skrini na sauti inayokatika. Nikajibu, "Ndiyo, nimeelewa vizuri, asanteni sana." Huku kwetu binti hawezi kumwambia mtu mzima aliyemsaidia kwamba hakusaidia vizuri, na isitoshe ni kweli nilikuwa nimemwelewa. Jibu hilo lilinukuliwa kwenye barua kama uthibitisho kwamba lugha haikuwa tatizo.

Kama na wewe ulijibu hivyo, usilikane. Eleza kwamba ulielewa Kiswahili alichokuambia mkalimani. Hukuwa na njia ya kujua Kiingereza kilichokuwa kinachapwa, kwa kuwa hakuna aliyekusomea. Hayo ni mambo mawili tofauti, na jaji akielekezwa anayaona. Ila kama nakala inaonyesha ulisomewa ukakubali, au ulisaini kila ukurasa, mwambie mwanasheria mapema, maana hoja hii itabidi ibadilike.

Kuelekea siku ya shauri

Hoja na ushahidi wenu ukishaingia, upande wa serikali hutakiwa kuupitia upya uamuzi wao kabla ya kusikilizwa. Jedwali likiwa safi, wanaweza kuondoa uamuzi wao hapo hapo. Kwa hiyo liingie mapema, lisibaki la kushtukiza siku ya shauri.

Shauri likifika, anayesimama mara nyingi ni mwenza aliye kule, kwa sababu kutoa ushahidi wa mdomo kutoka nchi nyingine kuna masharti yake na kunahitaji ruhusa. Mume wako asome jedwali lote na aelewe kila mstari, lakini asikariri. Ataulizwa ya kwake. Akiulizwa ulichosema wewe, jibu zuri ni kwamba yeye hakuwepo, na kwamba maelezo yako yapo ukurasa fulani. Kama anajisikia salama zaidi kwa Kiswahili, ombeni mkalimani wa baraza kwenye fomu, halipiwi. Na mkalimani huyo akikosea, aseme pale pale, kwa adabu, "Samahani mheshimiwa, sivyo nilivyosema." Baraza linaruhusu kuweka ushahidi wa mambo yaliyotokea hata baada ya kunyimwa viza, kwa hiyo endeleeni kutunza simu, ujumbe na risiti za miezi yote ya kusubiri. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Hamtakiwi kuondoa kila chembe ya shaka.

Uamuzi huja kwa maandishi, si lazima siku hiyo. Mkikataliwa tena, aliye nje ana siku 28 za kuomba ruhusa ya kwenda Upper Tribunal, baraza la ngazi ya juu, lakini kule wanatazama kama jaji alikosea kisheria, hawaanzi upya kusikiliza ulisema nini. Jaji hawezi kulaumiwa kwa kutotazama kitu ambacho hakikuwekwa mbele yake. Kwa hiyo kabla faili la ngazi ya kwanza halijafungwa, mpigie mwanasheria wako akusomee orodha ya viambatisho, na hakikisha mambo matatu yametajwa kwa namba za kurasa: nakala nzima ya mahojiano, jedwali lako, na cheti cha mtafsiri.